Saa Iliisha, Medali Ikatolewa: Historia Fupi ya X Games

Najua nimeadimika, kazi zilinibana kila upande. Leo siandiki kuhusu hifadhidata wala simu mpya iliyoingia sokoni. Nataka niwasimulie historia ya mashindano ambayo wengi wa rika langu tuliyajua kwenye gemu kabla ya kuyaona kwa macho: X Games. Ukifika katikati utaelewa kwa nini mwandishi wa programu amekosa usingizi kwa sababu ya watu wanaoruka na mbao za magurudumu.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1993 kituo cha runinga cha ESPN cha Marekani kilifungua kituo cha pili, ESPN2, kwa ajili ya vijana. Kituo kipya kinahitaji vipindi. Bwana mmoja aitwaye Ron Semiao, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga vipindi vya ESPN2, aliona kwamba michezo ya hatari ilikuwa na mashabiki wengi na majarida yake, lakini kila mmoja ulikuwa kivyake. Wa baiskeli huku, wa mbao za magurudumu kule, wa kuruka kutoka kwenye ndege huko juu kabisa. Kwa nini wasiwekwe mahali pamoja na kupewa medali?

Tarehe 24 Juni 1995 mashindano ya kwanza yakaanza katika jimbo la Rhode Island, kwenye miji ya Providence na Newport, na mengine yakafanyika Mount Snow, Vermont. Yaliitwa Extreme Games. Kulikuwa na michezo 9 na medali za mashindano 27. Mwaka uliofuata, 1996, jina likafupishwa kuwa X Games.

Hapa kuna jambo moja ambalo ni lazima mlishike, kwa sababu mambo mengine yote yanatokana nalo. Kandanda ilikuwepo kwanza, runinga ikaja baadaye kuionyesha. X Games ni kinyume. Runinga ilikuwepo kwanza, ikahitaji kitu cha kuonyesha, ikatengeneza mashindano. Yalizaliwa ofisini, siyo uwanjani. Ndiyo maana kanuni zake ziliandikwa haraka na kubadilishwa haraka, kama programu iliyotolewa ikiwa bado ya majaribio. Kisichopendwa kinafutwa toleo lijalo. Kuruka kwa kamba ya mpira iliyofungwa miguuni kulikuwepo mwanzoni kukaondolewa. Mashindano ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1997 huko Snow Summit, California, yalikuwa na mbio za watu walioketi juu ya makoleo (ndiyo, koleo, hii ya mjengo!) yaliyoongezwa vyuma na viti, wakiteremka mlima wa theluji. Mbio hizo hazikudumu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa kuteleza angani. Mtu anaruka kutoka kwenye ndege akiwa amefunga ubao miguuni, anacheza na upepo akishuka. Sasa nani atamwona akiwa kilomita kadhaa juu? Kwa hiyo kila timu ilikuwa na watu wawili: anayeteleza, na mwenzake anayeruka pamoja naye akiwa na kamera kichwani. Majaji walitoa alama kwa wote wawili, na medali walipata wote wawili. Mwaka 1995 dhahabu ilikwenda kwa Rob Harris na mpiga picha wake Joe Jennings. Mpiga picha kupewa dhahabu! Lakini ukifikiria ni haki kabisa, kwa sababu bila yeye hakukuwa na mchezo wowote wa kuonekana. Harris alifariki Desemba mwaka huohuo akiruka kwa ajili ya kurekodi tangazo la biashara. Mchezo wenyewe haupo tena katika X Games.

Haya, sasa tufike San Francisco, 27 Juni 1999.

Tony Hawk wakati huo alikuwa na miaka 31, mzee kwa kipimo cha mchezo huo. Mashindano ya usiku ule yalikuwa ya mbinu bora: wachezaji wanaingia kwenye rampu kubwa yenye umbo la herufi U, kila mmoja anajaribu mbinu yake kali kuliko zote, na muda ukiisha, umeisha. Hawk alikuwa ameshafaulu mbinu moja ngumu ya nyuzi 720. Halafu akaanza kujaribu 900.

Ngoja nieleze hizi namba kwa wasiozijua. Ni nyuzi za mzunguko, zile zile za hesabu za shule. Mzunguko mmoja ni 360. Kwa hiyo 900 ni mizunguko miwili na nusu hewani. Ile nusu ndiyo tamu kwa sisi watu wa tarakilishi. Unapopanda rampu, uso wa ubao unatazama juu. Ukirudi chini, unatakiwa utazame chini. Tayari ni nusu mzunguko. Gawanya 900 kwa 360, baki ni 180. Gawanya 540, baki ni 180 vilevile. Lakini 720 haibakishi kitu, kwa hiyo mchezaji anayezunguka 720 ama anaingia akirudi kinyumenyume, ama anatoka hivyo. Kwa maneno mengine, kutoka 540 hatua ya kawaida inayofuata ni 900, na hatua hiyo ni kubwa mno. Hawk alikuwa ameitafuta kwa miaka mingi, ikamvunja mbavu njiani.

Usiku ule alianguka. Akapanda tena, akaanguka. Saa ikafika sifuri. Kwa kanuni, mchezo umekwisha, asanteni kwa kuja. Lakini hakuna aliyemzuia. Wenzake waliokuwa wakishindana naye waliacha kushindana, wakasimama kando na kuanza kugonga mbao zao kwenye rampu. Baada ya kuanguka mara kumi hivi, akapanda, akazunguka mara mbili na nusu, akatua, mkono mmoja ukiparaza chini, akabaki amesimama juu ya ubao. Watu wakamwagika uwanjani. Akapewa dhahabu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu yeyote kufaulu 900 kwenye mashindano. Na ilitokea muda ukiwa umekwisha.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 1999, gemu ya Tony Hawk's Pro Skater ikatoka kwa PlayStation. Ilitengenezwa na kampuni ya Neversoft na kuuzwa na Activision. Msimbo wake wa msingi haukuandikwa upya. Waliuchukua kutoka kwenye gemu yao nyingine, Apocalypse, iliyokuwa na sura ya mwigizaji Bruce Willis. Toleo la mwanzo kabisa la majaribio lilimwonyesha Bruce Willis akiwa juu ya ubao wa magurudumu, bunduki mgongoni! (Wale mnaosema kunakili msimbo wa mradi wa zamani ni uvivu, mmesikia?) Hawk mwenyewe amesimulia kwamba alitolewa dola nusu milioni mkupuo mmoja badala ya asilimia ya mauzo, akakataa. Hesabu nzuri hiyo.

Mimi niliikuta gemu hiyo miaka mingi baadaye, kwenye kibanda cha mtaani kilichokuwa na PlayStation mbili na runinga zilizochoka, tukilipa shilingi kumi kumi. Kulikuwa na ngazi za mashindano ambapo majaji wanakupa alama na ukifanya vizuri unapata shaba, fedha au dhahabu. Muda ulikuwa dakika moja. Jambo moja nilikuja kulikumbuka nikiwa mtu mzima: ukiwa hewani saa inapofika sifuri, gemu ilikuacha umalize mbinu yako, ukatua, alama zikahesabiwa. Mtu aliyeandika msimbo ule alifikiria.

Mimi sikufikiria. Hapa ndipo stori inaponigusa.

Miaka michache iliyopita niliandika mfumo wa mitihani ya mtandaoni kwa taasisi moja, jina naliweka kapuni. Kanuni ilikuwa rahisi: muda ukifika sifuri, seva inafunga mlango. Nilijivunia kwamba mfumo wangu haumjui mtoto wa mkubwa wala mtoto wa mama mboga. Mwanafunzi mmoja alibonyeza kitufe cha kutuma muda ukiwa bado haujaisha, lakini mtandao ulimchelewesha, na majibu yake yakafika kwenye seva sekunde nne baada ya muda. Yakatupwa. Hayakuhifadhiwa mahali popote. Aliniandikia barua pepe yenye heshima kabisa akiomba niangalie. Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba mfumo hauna upendeleo na kwamba muda ni muda. Alirudia somo hilo muhula uliofuata, na kulipia.

Nilikuwa mwepesi wa kulala siku hizo. Halafu jioni moja nikaitazama tena video ya Hawk, ile ambayo nimeitazama labda mara hamsini, na nikagundua kwamba mfumo wangu ungemfungia mlango. Dunia ingekosa 900 ya usiku ule kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo ambao niliuona ndio haki yenyewe.

Lakini msinielewe vibaya. Upande wa pili una nguvu pia, na sitaki kuufunika. Waliokuwa wakishindana na Hawk walitii saa. Je, kijana asiyejulikana angeachwa aendelee kujaribu kwa dakika zote zile? Sidhani. Kamera zilikuwa zikimtazama Tony Hawk, na mashindano, kumbukeni, yalizaliwa na runinga. Huruma iliyotolewa usiku ule ilikuwa na jina na sura. Hilo ndilo linalonifanya niogope kuwaachia watu kila kitu.

Ukitaka kuona saa isiyo na huruma, twende mwaka 2006. Na hapa Wakenya tuna mtu wetu.

Jina la Colin McRae halihitaji utangulizi kwa yeyote aliyelelewa na mtu mpenda magari. Mskoti, bingwa wa dunia wa 1995, aliyeshinda Safari Rally mara tatu: 1997 akiwa na Subaru, kisha 1999 na 2002 akiwa na Ford Focus. Ule ushindi wa 1999 ulikuwa wa kwanza kabisa kwa Focus katika ubingwa wa dunia. Ule wa 2002 ulikuwa wake wa mwisho, wa 25, na pia ndiyo mara ya mwisho kwa Safari kuwemo katika ubingwa wa dunia hadi iliporudi Naivasha 2021. Mjomba wangu mpaka leo ukimtajia 2002 anaweka kikombe chini kwanza. Safari ya enzi zile ilikuwa vumbi, matope, mawe na punda milia. Waliomaliza walipishana kwa dakika nyingi.

Agosti 2006 X Games ya 12, huko Los Angeles, iliingiza mbio za magari kwa mara ya kwanza. McRae akaja, na mwelekezi wake wa zamani Nicky Grist akiwa kando yake, Grist yuleyule wa ushindi wa Safari. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Travis Pastrana, kijana wa miaka 22. Huyu Pastrana ni kisa kingine. Mwaka 1999, kule kule San Francisco, wiki ileile ya Hawk, alishinda dhahabu ya pikipiki za mitindo akiwa na miaka 15, kisha akairusha pikipiki yake baharini ikiwa hewani. Wakampiga faini. Na katika X Games hii ya 2006, tarehe 4 Agosti, alizungusha pikipiki kinyumenyume mara mbili hewani, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwenye mashindano. Majaji wakampa 98.60.

Basi mbio zinafika mwisho, ndani ya uwanja wa michezo, mbele ya mashabiki. McRae anaongoza. Anaruka tuta la mwisho, gari linatua vibaya, linabingirika, linaangukia magurudumu yake. Mtu mwingine angezima injini na kumshukuru Mungu. McRae anakanyaga mafuta, gari likiwa limebondeka na gurudumu la mbele limeharibika, anavuka mstari. Amepoteza dhahabu kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Dhahabu ya Pastrana. Fedha ya McRae. Shaba ilikwenda kwa Ken Block, yule wa video za gari linalocheza densi ambazo baadaye zilijaa YouTube. Hakuna jaji aliyesema tumwongezee McRae kitu kwa sababu moyo wake ni mkubwa. Saa ilisoma, ikasema. Na McRae hakulalamika. Kinachonishangaza ni kwamba kati ya watu wanaoikumbuka siku ile, nikiwauliza, wengi wanakumbuka gari lililobingirika, na lazima wafikirie kidogo kutaja nani alishinda. McRae alifariki kwa ajali ya helikopta tarehe 15 Septemba 2007 huko Scotland. Ken Block naye alifariki Januari 2023, ajali ya gari la theluji.

Kwa hiyo tuna njia mbili za kutoa medali: saa na jicho. Jicho nalo lina matatizo yake ya kihandisi. Mwaka 2012, Aspen, Colorado, Shaun White alipewa 100 kamili katika kuteleza kwa ubao wa theluji kwenye nusu bomba, alama ambayo haikuwa imetolewa katika mchezo huo wa wanaume kwenye X Games. Vizuri, lakini akija mwingine akazidi hapo, utaandika nini? Kipimo kimejaa. Inanikumbusha Olimpiki ya Montreal 1976, Nadia Comaneci alipopata 10 kamili na ubao wa alama ukaandika 1.00, kwa sababu waliotengeneza ubao hawakutegemea kwamba 10 ingewahi kutokea. Tunaambiwa kila siku tuwaze kuhusu thamani za mwisho. Hatusikii.

Na kuna vitu ambavyo saa haivioni wala jicho halivioni. Mwaka 2007 Jake Brown wa Australia alipoteza ubao wake juu kabisa ya rampu kubwa na kuanguka kama mita 14 hadi kwenye mbao. Viatu vilimtoka miguuni. Baada ya dakika kadhaa alisimama na kutoka kwa miguu yake. Alikuwa wa pili. Dhahabu alipata Bob Burnquist wa Brazil, ambaye alikuja kufikisha medali 30 kabla ya kustaafu. Miaka miwili baadaye Brown alirudi kwenye rampu hiyo na kushinda. Tulishangilia, mimi nikiwemo. Januari 2013, huko Aspen, Caleb Moore aliangukiwa na gari lake la theluji, akafariki wiki moja baadaye akiwa na miaka 25. Ndicho kifo cha kwanza kilichotokana na mashindano haya. Na Dave Mirra, mfalme wa baiskeli ndogo, mwenye medali 24, alijiua Februari 2016 akiwa na miaka 41. Wataalamu walipoichunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi, wa kwanza kuthibitishwa kwa mchezaji wa michezo hii. Medali 24 ni mapigo mangapi? Hakuna safu ya hilo kwenye jedwali la alama.

Sasa akili unde imebisha hodi. ESPN iliuza sehemu kubwa ya X Games mwaka 2022, na Januari 2025 wenye mashindano wakajaribu huko Aspen jaji wa akili unde kwenye nusu bomba. Aliwatazama wachezaji na kutoa maoni yake pembeni, medali zikiendelea kutolewa na binadamu. Marafiki zangu wa kazini walifurahi sana. Mimi nilifurahi nusu. Kuhesabu nyuzi na urefu wa mruko, mashine itatushinda, sina ubishi. Lakini nataka kujua imeambiwa nini kuhusu saa ikifika sifuri na mtu bado yuko juu ya rampu.

Mfumo wangu niliurekebisha. Majibu yakichelewa hayatupwi tena; yanahifadhiwa, na pembeni inaandikwa yamechelewa sekunde ngapi na mtandao ulikuwaje. Mwalimu anaamua, na jina la mwanafunzi limefichwa mpaka aamue. Hilo la kuficha jina nilijifunza kwa kumfikiria yule kijana asiyejulikana ambaye asingeachwa aendelee. Yule mwanafunzi nilimwandikia barua pepe ya kuomba radhi, ndefu kuliko mistari miwili. Alijibu kwamba alishamaliza masomo na ana kazi, asante kwa kukumbuka.

Julai 2021, California, bila watazamaji kwa sababu ya korona, Tony Hawk alirudi kushindana kwenye mbinu bora akiwa na miaka 53. Dhahabu ilikwenda kwa Gui Khury, mtoto wa Brazil mwenye miaka 12, aliyefaulu 1080, mizunguko mitatu kamili. Gawanya kwa 360, baki ni sifuri, kwa hiyo wale mliosoma kwa makini mnajua tatizo alilokuwa nalo wakati wa kutua. Hawk alikuwepo palepale akimtazama.

Haya, wiki ijayo nitarudi kwenye hifadhidata kama nilivyoahidi mwezi uliopita. Na wewe mjomba, kama unasoma hii, kile kitabu chako cha Safari bado ninacho, nitakirudisha.